MMEKUJA KUTAFUTA NINI?

Somo: Yeremia 29, mstari wa 4 hata wa 7



Ukimwuliza mtu wa mitaa yetu mipya, kule Buhongwa au Igoma au Buswelu, ni jambo gani lililomleta Mwanza, mara nyingi hukujibu kwa maneno mawili tu: "Nimekuja kutafuta." Hasemi anatafuta nini, wala wewe humwulizi tena, maana jambo lenyewe lafahamika. Anatafuta riziki yake na ya watoto wake. Anatafuta kazi, kiwanja, karo ya shule na bati za kuezekea. Neno hilo si baya, kwa kuwa Mungu alimpa mwanadamu kazi ya mikono tangu bustani ya kwanza. Lakini leo yatupasa kulipima neno hilo kwa Neno la Mungu, tupate kujua kama kutafuta kwetu kwatujenga au kwatubomoa.

Yafikirini kwanza mambo yaliyotendeka machoni petu. Boma la Mwanza lilianzishwa na Wadachi mwaka 1892, na reli itokayo Tabora ikafika mwaka 1928. Siku zile mji ulikuwa mdogo, umebanwa kati ya miamba na maji. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2012, wilaya mbili za jiji, yaani Nyamagana na Ilemela, zilikuwa na watu 706,000 na zaidi. Katika hesabu ya mwaka 2022 walionekana watu 1,104,000 na zaidi. Basi katika miaka kumi waliongezeka watu kama laki nne, wengine kwa kuzaliwa hapa, wengine kwa kuhamia kutoka Ukerewe, Sengerema, Geita, Magu, Shinyanga, Mara na Kagera. Hawa wote hawakuweza kuenea katikati ya mji. Walipanda vilima vya Igogo, Bugarika na Mabatini, wakajenga juu ya mawe. Kisha wakatoka wakazifuata barabara, ile ya Shinyanga kupita Mkolani na Buhongwa hata Usagara, na ile ya Musoma kupita Nyakato na Igoma hata Kisesa. Na tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa tatu, lililopewa jina la hayati Rais John Pombe Magufuli. Gari ambalo zamani lilingoja kivuko sasa lavuka ghuba kwa dakika chache.

Mahali watu wafikapo, biashara nazo hufika. Fundi hufyatua matofali. Jirani yake hufungua duka la saruji na misumari. Mama hupika wali na maharage kwa ajili ya mafundi. Kijana huendesha bodaboda. Mwingine huketi katika kibanda chake akiwapokelea watu fedha kwa simu na kuwatolea. Kule Malimbe, karibu na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, wenye nyumba huwapangishia wanafunzi vyumba. Hakuna mkuu mmoja aliyewapangia kazi hizi zote, nazo zahitajiana kama viungo vya mwili. Mwenye macho ya imani huona hapo mkono wa Mungu, alishaye watu wake kwa mikono ya watu.

Sasa na tulisikilize Neno. Nabii Yeremia alikuwa Yerusalemu alipowaandikia barua Wayahudi waliohamishwa na mfalme Nebukadreza mpaka Babeli. Watu wale hawakwenda kwa hiari yao kama ninyi, walichukuliwa mateka. Kila jioni mioyo yao ilirudi kwao. Tena walikuwako manabii wa uongo waliowafurahisha kwa kusema kwamba mambo hayo ni ya siku chache tu. Mmoja wao, Hanania, alitangaza ya kuwa katika miaka miwili yote yatakuwa yamekwisha. Yeremia alileta ujumbe mwingine, nao ulikuwa mgumu kusikika. Alisema muda wenyewe ni miaka sabini. Kwa hiyo wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani, waoe na kuoza, waongezeke. Kisha akatamka neno lililowashangaza kuliko yote: waitafute amani ya mji ule uliowafunga, na kuuombea kwa Mungu, kwa sababu katika amani ya mji huo wao wenyewe watapata amani.

Angalieni, ndugu zangu: Yeremia hakuwakataza kutafuta. Aliwaonyesha kitu cha kutafutwa. Na neno amani, katika lugha ya Kiebrania, si kukosekana kwa vita tu. Ni uzima, na haki, na utoshelevu, mtu akae salama na jirani yake akae salama.

Hapa ndipo Neno latuchoma. Wengi wetu twakaa katika mitaa hii kwa moyo wa Hanania. Twasema, "Nyumbani ni kule, hapa ni pa kutafuta tu." Mtu amekaa Mkolani miaka kumi na minane, watoto wake wamezaliwa hapo, naye angali akijiita mpita njia. Na mpita njia hachimbi choo kizuri, kwa maana ataondoka. Hapandi mti, kwa maana hatakaa kivulini mwake. Hamwendei jirani aliyefiwa, kwa maana hamjui jina lake. Huuza kwa vipimo vifupi, kwa maana hadhani kwamba atakutana tena na yule aliyemwuzia. Dhambi nyingi za mji mpya hutoka katika uongo huo mmoja, kwamba tupo hapa kwa siku mbili tu.

Wala mtu asiseme, "Siku zangu hapa ni chache kweli, nami nimesamehewa neno hili." Alexander Mackay, yule fundi Mskoti wa misioni ya Kiingereza, alipoondolewa Buganda na Kabaka Mwanga mwaka 1887, alihamia Usambiro, kusini mwa Ziwa letu. Mahali pale hapakuwa kwao, wala hapakuwa pale alipotaka kuwapo. Lakini alijenga, akafua chuma, akaendelea kufasiri Neno la Mungu kwa Kiganda na kulipiga chapa. Alifariki huko mwezi wa Februari mwaka 1890, asijatimiza miaka mitatu. Basi uchache wa siku haumpi mtu ruhusa ya kuishi vibaya mahali alipo.

Mwataka kuona kwa macho maana ya neno la Yeremia, kwamba amani ya mji ndiyo amani yako? Tazameni Mto Mirongo, upitao katikati ya mji na kuingia Ziwani. Mtu akaaye juu kilimani hutupa takataka zake katika mfereji usiku, akidhani zimekwisha. Mvua ikinyesha, takataka zile hushuka na maji ya vyoo vilivyofurika. Huingia nyumbani kwa mtu wa bondeni, kisha hufika mtoni, na mto huzipeleka Ziwani. Na maji yetu ya kunywa hutoka wapi, kama si katika Ziwa lilo hilo? Watu wa maji huyavuta, huyasafisha kwa gharama, na gharama ile twailipa sisi. Basi kile alichokitupa mtu kilimani humrudia yeye mwenyewe kwa njia ya bomba. Hakuna amani ya nyumba moja iliyo mbali na amani ya mtaa.

Sasa na tuseme neno juu ya biashara, maana wengi wenu mmefungua maduka na kazi mpya, na Kanisa halina haki ya kuwaombea Jumapili na kunyamaza Jumatatu. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo aliyoitoa mwaka 1529, alipoieleza amri ya saba, ile ikatazayo wizi, hakuishia kwenye mkono uchukuao. Alifundisha pia kwamba yatupasa kumsaidia jirani apate kuilinda na kuiongeza mali yake. Na alipolieleza ombi la mkate wa kila siku, alihesabu ndani yake nyumba, shamba, fedha, serikali njema, na hata majirani waaminifu. Fikirini jambo hili! Uombapo mkate wako, wamwomba Mungu akupe jirani mwaminifu. Na jirani yako aombapo mkate wake, amwomba Mungu umfae wewe. Je, wewe u jibu la sala yake?

Basi mwenye mizani aiangalie mizani yake. Torati, katika Kumbukumbu 25, yakataza mtu kuweka mawe mawili mfukoni, moja zito na moja jepesi. Siku hizi mawe yale yana majina mengine. Anunuaye viazi kwa mkulima kwa gunia la lumbesa, kisha akawauzia watu wa mjini kwa kisado kilichobonyezwa kitako, anayo mawe mawili. Auzaye dagaa waliochanganyika na mchanga, naye ajua kwamba mnunuzi ataugundua mchanga jikoni tu, anayo mawe mawili. Afyatuaye matofali mengi kupita kiasi kwa mfuko mmoja wa saruji auza ukuta utakaoanguka usiku juu ya watoto wasiojua lolote. Wala msiseme kwamba hayo ni makosa madogo. Pale Igoma yako makaburi ya watu waliokufa katika meli ya MV Bukoba, iliyopinduka tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia Mwanza. Mamia ya watu walipotea siku ile, na meli ilikuwa imebeba watu wengi kuliko ilivyopasa. Kila aliyezidishwa alikuwa nauli moja tu, kitu kidogo. Lakini vitu vidogo vikikusanyika hutosha kuzamisha meli. Leo Igoma imejaa nyumba na maduka. Ninyi mfanyao biashara karibu na makaburi yale, na yawafundishe.

Tena nina neno juu ya ardhi. Bei ya kiwanja ikipanda, dhamiri za watu hujaribiwa. Wako wauzao kiwanja kimoja kwa watu wawili. Wako ndugu wa marehemu wamfukuzao mjane kabla machozi yake hayajakauka. Wako waume wauzao nyumba mke akiwa sokoni, ingawa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza kuiuza nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mwenzi. Mkristo aitwaye kuwa shahidi wa mauzo asitie sahihi yake kwa ajili ya soda na nauli; na aulize kwanza, "Mama wa nyumba yuko wapi?" Kadhalika na habari ya njia. Mitaa mingi ilijengwa kabla ya kupimwa, na wapimaji wanapokuja huwataka majirani waachiane kidogo ili ipatikane njia. Hapo mtu husogeza ukuta wake usiku kwa hatua mbili, akajiona mwerevu. Lakini siku mama mjamzito ashikwapo na uchungu, gari haliingii. Na siku ya msiba, jeneza lapitishwa kwa kuinamishwa kati ya kuta mbili. Hatua mbili zile alizipata, na mtaa mzima ukazilipia.

Lakini jambo liwaumizalo wengi kuliko yote kwa sasa ni deni. Liwali Nehemia alipokuwa akiujenga upya ukuta wa Yerusalemu, kazi ilikuwa ikiendelea vizuri na mji ulikuwa ukipendeza. Ndipo kikasikika kilio, tena si cha adui wa nje, bali cha watu wa mji wenyewe na wake zao. Walikuwa wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka, na watoto wao walikuwa wakitiwa utumwani kwa ajili ya deni, nao wawadai wao walikuwa ndugu zao. Habari hizo zimo katika sura ya tano. Nehemia hakusema, "Ngojeni kwanza ukuta ukamilike." Aliuitisha mkutano mkubwa, akawakemea wakuu, akajihesabu hata yeye na watu wa nyumba yake kuwa miongoni mwa wakopeshaji, na mashamba yakarudishwa.

Ndugu, kilio hicho kipo katika mitaa yetu. Iko mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Mama mwuza vitumbua akopa kidogo kwa ajili ya unga na mafuta, arudishe kila siku pamoja na riba. Mwanawe akiugua siku tatu asipike, wadai huja wakachukua jiko, godoro na sufuria, vile vyombo ambavyo angelipia navyo deni lenyewe. Tena huona haya kumwambia mumewe, huona haya kumwambia mchungaji. Huacha hata kuja ibadani, maana mdai naye huketi katika safu ya mbele. Kwa wakopeshaji wa namna hii walio washarika wetu nasema wazi: fedha hiyo msiilete madhabahuni kabla hamjarudisha godoro la mjane. Torati, katika Kutoka 22, ilimwamuru mdai amrudishie maskini vazi lake kabla ya jua kuchwa, kwa kuwa ndilo atakalojifunika usiku. Na kwa wanaokopa nasema: ulizeni kwanza kama mkopeshaji ana leseni, maana sheria ya mwaka 2018 juu ya huduma ndogo za fedha yamtaka awe nayo, jiungeni katika vikundi vya kuweka na kukopeshana mlio mnajuana, tena zipo fedha za halmashauri zikopeshwazo vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu pasipo riba. Wazee wa Kanisa wajuao kusoma karatasi hizo wasione ni kazi ndogo kumwandikia mama barua yake.

Labda mtu atasema, "Mwandishi, umetutwika mizigo mizito, nani awezaye kuyashika hayo yote katika mji ambao kila mtu ajitafutia lake?" Ni kweli. Sheria hutuonyesha njia, wala haitupi miguu. Basi sikieni na neno la Injili.

Palikuwa na mtu huko Yeriko, jina lake Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru, aliyejua sana kutafuta. Alikuwa amekwisha pata: fedha, nyumba, na chuki ya mji mzima. Habari zake zimo katika Luka 19. Yesu alipopita alitazama juu mtini, akamwita kwa jina lake, akaingia kukaa nyumbani mwake. Hakumtaka kwanza alete hesabu. Alikaa naye kwanza. Na mtu yule, akiisha kupendwa namna hiyo, alisimama mwenyewe akaahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Ndipo Bwana akaeleza kazi yake mwenyewe kwa neno lile lile tulilozoea kulitumia: kwamba yeye alikuja kuwatafuta waliopotea, apate kuwaokoa.

Sikieni, ninyi mliokuja Mwanza kutafuta: Yeye naye amekuja kutafuta, na anayemtafuta ni wewe. Hakukaa kwetu kama mpita njia. Alizaliwa, akafanya kazi ya useremala, akalala katika mji mdogo miaka mingi, akafa nje ya ukuta wa mji kwa ajili ya watu wa mjini. Aliyekwisha patikana na Bwana huyu hana tena sababu ya kumnyang'anya jirani, kwa maana lile alilolihitaji kuliko yote amepewa bure. Mikono yake imefunguka. Sasa yaweza kupima sawasawa, kuacha njia, kusamehe deni, na kuzoa takataka za mfereji usio wake.

Kwa hiyo, wapenzi, mwezi huu na tufanye mambo matatu yasiyo makubwa. La kwanza, kila nyumba ya Kikristo ijue majina ya nyumba nne zilizo jirani nayo, iwe ya Mkristo au ya Mwislamu au ya mtu asiye na dini, na iwaombee kwa majina hayo kila jioni. Maana Yeremia hakusema tuwaombee wa kwetu tu, alisema tuuombee mji. La pili, kila mwenye duka, genge au kibanda akitazame kipimo chake mbele za Mungu, na kama kimepunguka akirekebishe pasipo kungoja kukamatwa. La tatu, kila mtaa wa usharika utafute mtu mmoja aliyeelemewa na deni, umsaidie kwa siri pasipo kumwaibisha.

Kisha mtu akituuliza tumekuja Mwanza kutafuta nini, tusione haya kujibu: riziki twaitafuta, ndiyo, pamoja nayo twaitafuta amani ya mji huu, kwa sababu Mungu ametuweka hapa, na watoto wetu watazikwa au wataoa hapa, na wajao nyuma yetu kwa daraja na kwa reli na kwa meli watakaa katika mitaa tutakayowaachia.

Ee Bwana Mungu, mwenye kuilinda miji na kuwahesabu wakaao ndani yake, uwabariki wafanyao kazi vilimani na barabarani, sokoni na majini. Uwape wauzao moyo wa haki na wanunuao moyo wa shukrani. Uwafungue waliofungwa na deni, uwafariji wajane, uwaongoze wakuu wetu. Nasi utupe kukaa hapa kama watu waliotumwa nawe, hata siku utakapotuleta katika mji wako usio na machozi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.